Chozi la Maiti

SEHEMU YA SITA

Tangu nianze kufa, hakuna aliyewahi kuilalamikia kazi yangu.

Nawafupishia waliokuwa na shughuli zao wiki zilizopita. Mimi ni fundi makochi. Kiwanda kilichoniajiri kilipofungwa nilifungua karakana yangu, na wateja walipokawia kuijua njia ya kufika kwangu, nikakubali kazi ya kufa kwenye filamu. Nimeshakufa kwa risasi, kwa sumu, kwa maji na kwa mapenzi. Mtaani wananiita Marehemu, nami naitika.

Kisha ikaja ile filamu ambayo mimi ni maiti juu ya kitanda, na mwigizaji mmoja wa kike, ambaye mashabiki wamempa jina la Machozi, anaigiza mke wangu na ananililia. Analia, analia, kamera inanisogelea usoni, na kwenye jicho langu la kushoto, jicho la mtu aliyekufa tangu filamu inaanza, chozi linateremka.

Mke wangu aliliona tulipokuwa tukiitazama filamu hiyo pamoja, sebuleni kwetu. Aliingia chumbani, na kabla filamu haijaisha akatoka na begi limejaa, nguo zimekunjwa vizuri na zote zimepigwa pasi. Hata katika huzuni ile nilimsifu moyoni kwa wepesi wake.

"Huyo mwanamke umemlilia ukiwa umekufa," aliniambia akiwa mlangoni. "Ukiwa hai unamfanyia nini?"

Akaenda kwa baba yake.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa kwa baba mkwe, mikono magotini, nangoja hukumu. Hukumu haikutoka. Baba mkwe alisema ndoa ya binti yake haitaamuliwa kwa maneno ya jikoni. Itaamuliwa Jumamosi, kwenye kikao cha mashabiki wa filamu, tena karakanani kwangu mwenyewe.

Hapa lazima niwaeleze baba mkwe ni mtu wa namna gani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwendesha mashine kwenye jumba la sinema, mpaka jumba lenyewe lilipogeuzwa ghala la saruji. Dunia aliiona kupitia kitundu cha chumba cha mashine, na hadi leo jambo ambalo halikupigwa picha kwake ni umbea. Ndiye mwenyekiti wa chama cha mashabiki. Chama hukutana kwangu kwa sababu hakuna mahali pengine penye makochi mengi kiasi hicho, ingawa ni makochi ya watu na mengine yametokeza springi.

Kila mwaka, tuzo kubwa za filamu zikishatolewa na kila mtu akishakasirika, chama hiki hutoa ya kwake. Ni moja tu, na mshindi hapewi, maana mshindi ameshapewa zake. Hupewa mtu aliyefanya kazi nzuri na majaji wakapita kando yake kama vile hawakumwona. Tunaiita Kigoda, na ni kigoda kweli, nakitengeneza mimi. Miguu mitatu, sponji nzuri, na mwaka huu nilikivika mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la mteja.

Amewahi kukikalia yule mama anayeigiza mfanyakazi wa nyumbani kwenye kila filamu. Huleta chai, husimama kidogo, huwatazama matajiri wakigombana, na kwa jicho moja anakwambia nani kati yao ni mwongo. Amewahi kukikalia na yule mzee aliyeigiza askari miaka nenda rudi, hata askari wenyewe wakimwona njiani humpigia saluti.

Upigaji kura nao ni wa aina yake. Hakuna karatasi. Yanasogezwa makochi mawili, moja la wanaokubali na moja la wanaopinga, na mtu anapiga kura kwa kukaa. Ukibadili mawazo unahama, watu wote wakikuona. Baba mkwe husema mtu anayeona haya kuhama hajui kutazama filamu.

Basi, Jumamosi walifika baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimefagia vumbi la mbao na kuficha misumari. Baba mkwe aliingia, na nyuma yake mke wangu, amebeba lile begi. Begi lilinipa matumaini, kwani baba mkwe alimwambia aje nalo ili mambo yakinyooka asirudi tena kulifuata. Mke wangu alinisalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa benki, akaenda kukaa kwenye kiti kisicho na sponji karibu na mlango. Nilimwambia kile kina msumari. Akasema ameshazoea.

Kikao kilianza kwa kuwasema majaji, kama ilivyo ada. Machozi alikuwa ametwaa tena tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Ya wanaume alipewa kijana mmoja mtanashati aliyenyoa upara kwa ajili ya filamu, na magazeti yote yakaandika juu ya kujitoa kwake. Kinyozi wa hapa jirani, mtu mwembamba anayezungumza nawe huku akikutazama nywele, alisema kama upara ndio uigizaji, basi tuzo ile ni ya kinyozi aliyemnyoa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemtaja.

Akaendelea. Alisema majaji hawajui kutazama, wanajua kusikia tu. Anayelia kwa sauti anapewa. Anayepiga kelele na kuvunja vyombo anapewa, na picha yake inabandikwa ukutani. Lakini yule aliyeigiza kaka yake Machozi kwenye filamu hiyo hiyo ya maiti, anayeletewa habari za msiba akiwa anafunga kamba za viatu, na anaendelea kuzifunga, kwanza cha kulia halafu cha kushoto, huyo hawakumtaja hata kwa bahati mbaya.

"Kufunga kamba huku moyo umepasuka," alisema Kinyozi, "kazi hiyo mimi naijua. Nimenyoa watu siku niliyofiwa."

Ndipo akasimama Shangazi Mapazia. Ni shangazi wa mke wangu, mdogo wake baba mkwe, anashona mapazia, na katika ugomvi wetu wote ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kama tunamtafuta mtu aliyefanya kazi kimya kimya asitajwe, tusiende mbali. Akaninyooshea kidole.

"Nampendekeza Marehemu. Kwa lile chozi."

Nilikuwa nimeshika nyundo. Niliiweka chini.

Nilimwelewa upesi. Chama kikiamua kwamba chozi lile lilikuwa sanaa, basi halikuwa mapenzi, na mwenyekiti hawezi kwenda kinyume na chama chake. Ningekalia kigoda nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na jioni ningerudi nyumbani na mke wangu. Baba mkwe naye aliuona mtego, lakini ulimpendeza. Alisema ndilo hasa alilokuja kulisikiliza. Ikiwa ni uigizaji, binti yake hana kesi. Ikiwa si uigizaji, basi chozi lilitoka kwa mwanamume likaenda kwa mwanamke, na mwanamke huyo si binti yake.

Makochi yakasogezwa.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kukaa, upande wa kupinga. Alisema hana ugomvi na mimi, hata ndevu zangu ananinyoa yeye, lakini maiti ana kazi moja tu, nayo ni kutofanya kitu. Maiti anayelia ni sawa na mlinzi anayesinzia.

Shangazi alikaa upande wake na kujibu kwamba roho hukawia. Yule marehemu wa kwenye filamu alimwacha mke wake bila kumuaga, na chozi lile ndiko kuaga kwenyewe. Alisema katika filamu zote alizotazama hajawahi kuona kwaheri fupi namna ile, wala iliyomkata maini namna ile.

"Na kesho yake wakamzika," alisema Kinyozi. "Ina maana walimzika mtu ambaye bado analia?"

Fundi saa mmoja aliyekuwa kochi la Shangazi aliinuka akahamia la Kinyozi. Shangazi akasema filamu si cheti cha daktari, na kama kila kitu kingetakiwa kiwe sahihi, basi hata Machozi asingelia vile, maana hajaolewa. Fundi saa akarudi. Kochi la Kinyozi lilikuwa na springi mbaya, na nadhani hilo nalo lilichangia.

Wakaendelea kuvutana hivyo, huyu anahama, yule anarudi, mpaka makochi mawili yakalingana na aliyebaki amesimama ni baba mkwe peke yake. Akanigeukia.

"Mkwe wangu, niambie wewe mwenyewe. Ulikuwa unaigiza?"

Nilimtazama mke wangu. Naye alikuwa akinitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu, ila sikujua kama ni ndiyo au ni hapana. Niseme wazi kwamba nilimpenda sana wakati ule, akiwa amekalia msumari na begi lake miguuni.

"Nilikuwa naigiza, baba," nilisema.

Haikuwa kweli. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu Kinyozi hakungoja hata nimeze mate. Alisema basi jambo limekuwa rahisi. Kochi refu lile pale. Alale, afe, alie, sote tuone.

Nikajilaza. Kochi lilikuwa la mteja, nimelijaza sponji mpya asubuhi ile ile, na nakiri kazi ilikuwa nzuri. Nilifumba macho. Shangazi alijitolea kunililia ili mambo yafanane na ya kwenye filamu. Alilia vizuri, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na jua la dirishani lilikuwa limeniangukia kifuani.

Nilijaribu kutafuta huzuni. Nilimkumbuka mama yangu, Mungu amrehemu. Nilikumbuka lango la kiwanda siku lilipofungwa. Nilikumbuka jinsi kitanda chetu kilivyo kipana siku hizi. Chozi halikuja. Nikajiambia ngoja kwanza nitulie, pumzi zishuke, kama ninavyofanya nikiwa kazini.

Nilipofumbua macho, watu wote walikuwa kimya. Kilikuwa kimya cha watu waliokuwa wakisikiliza kitu, na kitu hicho kimekatika ghafla.

"Ulikuwa unakoroma," Kinyozi aliniambia, bila ubaya wowote.

Mke wangu alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. Alikuwa hanitazami usoni, anautazama mkono wangu.

"Baba," alisema, "mimi nimelala na mtu huyu tangu uliponioza. Usingizi wake naujua. Akizama, kidole chake kidogo kinacheza. Sasa hivi kilikuwa kinacheza, na kwenye ile filamu kilikuwa kinacheza vilevile. Chozi ndilo lililonifanya nisikitilie maanani kidole."

Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikaona nisijisumbue kuogelea. Nikakiri. Kila ninapokufa, huwa nalala. Maandalizi huchukua muda, taa zina joto, na mtu aliyelala hatulii kwa shida kama mtu anayejifanya ametulia. Waongozaji wananisifu kwa utulivu wangu na hakuna aliyewahi kuniuliza naupata wapi. Wahenga walisema usingizi ni ndugu wa kifo, mimi nikawaajiri ndugu wote wawili.

Aibu niliyoisikia siwezi kuificha. Kochi la Shangazi lilihama lote. Mwishowe hata Shangazi mwenyewe alihama, taratibu, ameshika kiuno, akakaa pembeni ya Kinyozi na kuangalia upande mwingine. Kigoda kilikuwa kimeniponyoka. Waongozaji nao wangesikia, kwa kuwa mtaa wetu haujawahi kumeza habari, na hapo nisingekufa tena.

Lakini baba mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mtu aliyelala hana hatia, hakuigiza na wala hakumpenda mtu. Machozi angemlilia huyu mpaka sauti imkauke, naye asingejua kama ni mwanamke au ni mvua.

"Kesi hakuna," alisema. "Mkwe wangu, mchukue mkeo. Kigoda tutampa mfunga viatu."

Kwa dakika moja nilikuwa nimepoteza tuzo, heshima na kazi ya pili, na nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote mle ndani. Mke wangu alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo la mtu aliyechoka, lakini nililitambua, ni lile alilokuwa akinipa zamani nikirudi na sponji kwenye nywele. Nikampokea begi. Tukafika mlangoni.

"Ngojeni kwanza," alisema Kinyozi.

Kinyozi si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Ni mtu anayetazama midomo ya wenzake siku nzima asije akaikata. Alisema kuna jambo kwenye ile filamu ambalo siku zote alidhani ni kosa langu jingine la uigizaji. Kabla chozi halijatoka, midomo ya maiti inacheza. Alifikiri nimeshindwa kuibana. Lakini kama nilikuwa nimelala, basi mtu aliyelala akichezesha midomo anakuwa anazungumza.

Baba mkwe akaacha kucheka. Filamu ilikuwa tayari kwenye televisheni, tuliiweka kwa ajili ya ushahidi. Alichukua rimoti, akairudisha hadi pale, akapandisha sauti yote. Kilio cha Machozi kikajaa karakana nzima. Akarudisha tena na kusogeza sikio karibu na spika. Alikuwa amesikiliza filamu kupitia ukuta maisha yake yote, kwa hiyo alisikia kabla yetu. Akanyoosha mkono tutulie, akarudisha mara ya mwisho.

Machozi anavuta pumzi. Katika nafasi hiyo ndogo anayovuta pumzi, sauti ya mwanamume, nzito ya usingizini, inasema: "Usiende. Rudi."

Ilikuwa sauti yangu.

Mke wangu alilichukua begi mkononi mwangu akaliweka sakafuni.

"Filamu hiyo mliipiga wakati wa baridi," alisema. "Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani kwako, sijaenda popote. Ulikuwa unamwambia nani arudi?"

Hapo ndoto ikanirudia yote, kama chumba kinavyorudi umeme ukiwaka. Sikuwa na sababu ya kuificha, nikaisimulia mbele yao. Niliota nimekaa sebuleni kwetu napigilia kitambaa cha kochi, na mke wangu anapita mbele yangu na begi. Begi hili hili la bluu, lenye mkanda uliofungwa kamba. Nataka kumwita, lakini nimebana misumari midomoni kama tufanyavyo mafundi, siwezi kutoa sauti mpaka niiteme yote. Natema, natema, haiishi. Nilipopata sauti alikuwa ameshafika nje.

"Nilikuwa nakwambia wewe," nilisema. "Niliota unaondoka."

Kinyozi hakuniamini, nilimwona usoni. Fundi saa alikohoa. Nilitegemea mke wangu acheke, au aniite mwongo mbele ya watu, na kwa kweli ningekuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Hakucheka. Aliuma mdomo, akamtazama shangazi yake. Shangazi alikuwa anakitazama Kigoda.

"Nani alikwambia?" mke wangu aliniuliza.

"Niliota."

"Wakati wa baridi begi hili lilikuwa limeshapangwa, liko chini ya kitanda cha shangazi," alisema polepole. "Lilikuwa bado halijaingia kwako. Lilikaa kule mpaka wiki ile tulipoitazama filamu. Nani alikwambia?"

Nilikuwa nazikumbuka zile nguo, zote zimekunjwa, zote zimepigwa pasi, na nilivyosimama nikiusifu wepesi wake.

Baba mkwe alizima televisheni. Aliiweka rimoti juu ya ile mahameli nyekundu, akamgeukia binti yake, na kwa sauti ile ile aliyoniulizia mimi, akamuuliza:

"Mwanangu, na wewe ulikuwa unaigiza?"